Ramani ya Matundu Arobaini na Nane

Mwalimu wa masomo ya jioni aliandika kwa kalamu nyekundu, kwa mwandiko uliotulia kabisa, usio na hasira hata kidogo: "Swali lilisema chora mji. Wewe umechora kabati."

Mama Matundu aliyasoma maneno hayo akiwa ameketi kwenye dawati la watoto wa darasa la nne, magoti yamegota ubao, akaona haya kama mtu aliyekutwa akionja chakula cha mgonjwa. Alikuwa na miaka arobaini na sita. Kwenye dawati la pili Mzee Muhuri naye alikuwa ameshika karatasi yake, ameandikiwa vile vile, ila yake ilikuwa na nyongeza: "Wewe na mama huyo mje mbele."

Wakaenda mbele. Mwalimu alizilaza karatasi zote mbili mezani, ubavu kwa ubavu. Kila moja ilikuwa na safu sita, kila safu vyumba vinane, na ndani ya kila chumba jina la mtaa. Ukizipitia safu kwa safu, hukuti tofauti hata ya mtaa mmoja.

"Nani kamtazamia mwenzake?"

"Hakuna aliyetazama, mwalimu," Mama Matundu akasema.

"Mama, watu wawili hawawezi kuchora mji ukafanana hivi. Hata mapacha hawafanani hivi."

"Mwalimu, wewe una mke?" Mzee Muhuri akauliza.

"Ninaye."

"Basi mimi na huyu tumesimama mbele ya kabati moja miaka kumi na tisa. Ukimtazama mkeo miaka kumi na tisa, siku ukiambiwa umchore utahitaji kumwuliza jirani?"

Darasa likacheka. Mwalimu hakucheka, ingawa mdomo ulimcheza kidogo. Akasema jaribio lile la kwanza la jiografia ya binadamu litarudiwa Alhamisi ijayo kwa wote waliofeli, na safari hii mmoja ataketi mlangoni na mwingine dirishani. Atakayefeli mara ya pili, jina lake linakatwa kwenye somo. Ndiyo sheria ya chuo, na yeye hakuitunga.

Sasa, ili mtu asiwafikirie vibaya watu wazima wale, inafaa ashuke nao kidogo mpaka wanakofanyia kazi.

Jengo la posta lina ngazi kumi na moja za kupanda, ambako watu hununua stempu, na ngazi kumi na nne za kushuka, ambako watu hawaendi. Huko chini kuna chumba cha kupangia barua. Dirisha hakina. Kina taa tatu ndefu, moja ina ugonjwa wa kupepesa, na feni ya mezani iliyofungwa kamba shingoni isianguke. Kwenye dari pametoboka mdomo wa bati, na barua zinazotumbukizwa na watu huko barabarani huteremkia hapo na kuangukia kikapuni. Mtu akiwa mule ndani husikia vishindo vyake siku nzima: mmoja, kimya, mitatu kwa mpigo, kimya. Hiyo ndiyo habari ya ulimwengu inayofika chini.

Mlango hufungwa kwa nje. Saa kumi na mbili asubuhi mlinzi huwaingiza, huwapapasa mifuko, kisha hugeuza ufunguo, na haugeuki tena mpaka saa saba mchana, kazi inapokwisha. Si kwa ubaya, kwani barua ni amana ya watu, na zamani zilipotea nyingi. Anayebanwa na haja hubonyeza kengele, na mlinzi akiwa karibu atafungua. Akiwa amekwenda kununua sigara, basi kila mtu na subira yake. Karatasi yoyote isiyo barua haiingii mule, na hakuna karatasi inayotoka mule mikononi mwa mpangaji wa barua.

Na mbele ya ukuta wa ndani ndipo lilipo kabati. Ni la mbao nyeusi, matundu arobaini na nane, kila mtaa tundu lake. Mama Matundu husimama kushoto, Mzee Muhuri kulia. Mzee huyo alipata jina kwa kuwa alianza kazi kwa kupiga mihuri, naye akampa mwenzake jina la Mama Matundu siku ya pili tu ya kujuana, likakaa. Mikono yao inalijua kabati kama mpishi anavyojua ilipo chumvi. Lakini kabati lenyewe halikupangwa kwa kufuata mji ulivyo. Mkuu mmoja wa zamani aliyekwisha kufa alilipanga kwa kufuata saa magari ya barua yanapoondoka: safu ya juu ni mitaa yenye maduka na karakana zinazofunguliwa alfajiri, ya pili ni mafundi wadogo na wauza nyama, ya tatu ofisi, na kuendelea hivyo mpaka safu ya chini, mitaa ya makazi ambayo watu wake wako tayari kungoja mpaka mchana. Kwa hiyo Mtaa wa Wafinyanzi na Mtaa wa Machinjioni ni tundu la kumi na moja na la kumi na mbili, bega kwa bega. Kwenye ardhi ya kukanyagwa mmoja uko mashariki ya mji na mwingine uko magharibi. Hilo Mama Matundu hakulijua. Nani angemwambia?

Yeye aliletwa mjini akiwa bibi harusi wa fundi seremala, miaka ishirini na miwili iliyopita. Fundi alifariki, akamwachia binti mmoja, mama mkwe mmoja, na vyumba viwili juu ya duka la cherehani. Kutoka pale mpaka posta ni mitaa minne, sokoni uchochoro mmoja, na shule ya binti iko nyuma ya soko. Hiyo ndiyo ardhi aliyoikanyaga. Mitaa mingine yote aliijua kwa kuishika tu, ikiwa imeandikwa juu ya bahasha.

Halafu mwaka huu posta ikatangaza kikosi cha namba za nyumba. Watu watatembea mtaa kwa mtaa, wagonge vibao milangoni, waandike nani anakaa wapi. Wafanyakazi wa posta wanaotaka kujiunga wasome kwanza somo moja la jioni, jiografia ya binadamu, na wafaulu jaribio la kwanza. Mama Matundu aliposoma tangazo hilo ukutani, alilisoma mara mbili kisha akabaki ameliangalia neno moja tu: *kutembea*. Ilikuwa imebaki miaka kumi na minne kabla ya kustaafu. Alikwisha kuihesabu kwa safari za ngazi kumi na nne, akaacha kabla hajafika nusu.

Kwa hiyo Alhamisi ile haikuwa ya alama tu. Akifaulu, anatoka. Akifeli, anashuka, na mlango unafungwa kwa nje mpaka uzeeni.

Maswali yalikuwa kumi na tano ya maneno, alama moja moja, na la kumi na sita ramani, alama tano. Kufaulu ni kumi na mbili kati ya ishirini. Safari ya kwanza alipata kumi kwenye maneno na sifuri kwenye kabati. Mzee Muhuri tisa na sifuri.

Kusoma ndiko kulikokuwa na vita. Nyumbani kuna mama mkwe aliyevimba miguu, haachwi peke yake zaidi ya saa tatu (asubuhi hukaa na binti, aliye zamu ya mchana shuleni), na ulimi wake haukuvimba hata kidogo. Kazini karatasi haiingii. Mama Matundu akabuni lake: asubuhi anasoma maana tano za maneno kabla ya kutoka nyumbani, na akifika chini anazitia moja moja kichwani mwake kwenye matundu, kama barua. Kila mkono unapopita pale, neno linajitokeza.

"Tundu la tano," Mzee Muhuri humwuliza bila kugeuka, barua zikiruka kutoka vidoleni.

"Msongamano. Watu wangapi wanakaa katika eneo la ukubwa fulani."

"La sita?"

"Mtawanyiko. Hapo huulizi wangapi, unauliza wametapakaa vipi."

"Na la kumi na nne?"

"Umbali ukizidi, mawasiliano yanapungua."

"Hilo halihitaji kitabu. Dada yangu alihamia mbali, ameandika mara mbili, na zote mbili alitaka kitu."

Kwa maneno, kabati lilikuwa rafiki. Ila kila alipofumba macho autazame mji, aliona mbao. Binti yake, aliyekuwa kidato cha pili, alimchorea ramani nzuri kwenye daftari, yenye mto, reli na majina ya mitaa. Mama Matundu akaikariri Ijumaa jioni yote na Jumamosi asubuhi. Jumamosi mchana akaichora upya bila kuangalia: mto ulikuwapo, ila pembeni ya mto mitaa ilikuwa imejipanga safu sita, minane minane.

Binti akaitazama ile kazi. "Mama, umeupanga mji kama mabehewa ya treni."

"Usinicheke. Nisomee maswali mengine."

Bibi yake, yule mama mkwe, alikuwa kitandani karibu na dirisha, miguu imeinuliwa juu ya mto. Binti akasoma: "Kwa nini watu huhama?"

"Kuna mambo yanayowasukuma watoke, kama njaa, vita, kukosa kazi," Mama Matundu akajibu. "Na kuna mambo yanayowavuta huko waendako, kama kazi, shule, hospitali."

"Nani kasema?" bibi akauliza.

"Kitabu, bibi," binti akasema.

"Kitabu kilihama lini? Mimi nimehama mara tano. Sikusukumwa wala sikuvutwa. Niliambiwa panda gari, nikapanda."

"Sasa bibi, huyo aliyekuambia panda si alikuwa na sababu?"

"Alikuwa na sababu zake. Mimi nilikuwa na sufuria zangu. Mwambie mama yako aandike hivyo."

"Nikiandika hivyo, mama, nitakosa," Mama Matundu akasema.

"Basi kosa, mwanangu, ubaki hapa unikande miguu. Mimi sitapata hasara yoyote." Akacheka. Wote wakacheka, lakini utani ule ulikuwa na mfupa ndani yake. Kikosi cha namba hurudi jioni. Miguu hii nani ataikanda mchana?

Binti alikuwa ameyasikia yaliyosemwa na yasiyosemwa. Akafunga daftari. "Mama, kesho Jumapili. Nitamwomba fundi cherehani wa chini apande kumwangalia bibi mara moja moja. Mimi na wewe tukatembee. Ramani yako haitaki kusomwa, inataka kukanyagwa."

"Nendeni, mke mwenzangu," bibi akamwambia mjukuu wake. "Ila mkirudi na saa tatu na dakika moja, mtanikuta nimehama mara ya sita."

Jumapili asubuhi wakatoka. Walipofika kwenye kona ya posta, ambapo siku zote Mama Matundu hukunja kulia kurudi nyumbani, binti alikwenda mbele tu, naye mama akasimama. Haikuwa hofu hasa. Ni kama mguu uliuliza swali na hakuna aliyeujibu. Kisha akavuka.

Mtaa wa Wafinyanzi haukuwa na mfinyanzi. Ulikuwa na mafundi wa simu, meza baada ya meza, na mwanamke aliyeuza kamba za viatu. Mama Matundu alisoma namba zilizochorwa kwa chokaa milangoni, akaanza kuwataja watu kimyakimya. Huyu ndiye wa bahasha za bluu. Huyu hupokea jarida la pikipiki kila mwezi, na kweli pikipiki ilikuwa imelazwa uani, imefunguliwa tumbo. Mbele ya mlango mmoja wa kijani akasimama kitambo.

"Unamjua?" binti akauliza.

"Tangu mwaka juzi hajapata barua hata moja. Nilidhani amekufa." Dirishani palianikwa shuka, na ndani mtu alikuwa akipiga mluzi. Akashusha pumzi, wakaendelea.

Mwisho wa mtaa palikuwa na fundi viatu. Mama Matundu akamsalimu, kisha akauliza kwa uhakika wote wa mtu wa posta: "Machinjioni ni hapa nyuma, siyo?"

Fundi akautoa msumari mdomoni. "Machinjioni? Mama, kwenda Machinjioni unabeba chakula cha njiani. Ni kule ng'ambo, ukaribie kuutoka mji. Wewe ni mgeni?"

"Naishi hapa miaka ishirini na miwili."

"Ulikuwa kifungoni?" Alisema kwa mzaha, lakini alipomwona uso akageukia kiatu chake. "Samahani, mama. Midomo ya kazini hii."

"Hakuna neno, fundi. Darajani je?"

"Hapo sawa. Fuata mteremko."

Wakafuata mteremko. Darajani palikuwa na daraja kweli, na maji machache chini yake, na baada ya daraja ukuta mrefu wa kiwanda ulioendelea mpaka mtu akachoka kuutazama. Huo ndio Mtaa wa Kiwandani, tundu la kwanza, juu kabisa kushoto, na hapa ulikuwa chini bondeni, wa mwisho. Mama Matundu akaushika ukuta kwa kiganja. Ulikuwa na joto la jua. Akataka kuendelea hadi uishe, aone kinachofuata, lakini binti akaangalia saa ya simu: saa moja na dakika hamsini zimekwisha, na kurudi ni kupanda mlima.

"Kidogo tu," mama akasema.

"Bibi."

"Najua." Akaondoa mkono ukutani.

Waliporudi bibi alikuwa macho, anamfundisha fundi cherehani namna ya kukunja shuka. Hakuuliza wameona nini. Alinyoosha tu miguu, na Mama Matundu akaketi akaikanda, na vidole vyake vyote kumi viliendelea kufanya kazi ile huku yeye mwenyewe akiwa bado kwenye mteremko.

Jumanne, chini, akamsimulia Mzee Muhuri. Alimsimulia daraja, ukuta, mlango wa kijani. Mzee alisikiliza, barua zikienda, halafu akasema, "Sasa Alhamisi utachora hayo?"

"Nitachora niliyoyaona. Na wewe binti yangu anaweza kukutolea nakala ya ramani yake, ukariri angalau mitaa kumi."

"Hapana."

"Mzee, usiwe mkaidi."

"Siyo ukaidi. Alhamisi ile niliambiwa nimenakili, na sikunakili. Nikienda sasa kumchorea mto ambao sijapata kuuona, kwa ramani ya mtoto wa kidato cha pili, hapo ndipo nitakuwa nimenakili. Mimi mji ninaoujua ndio huu." Akaligonga kabati kwa kifundo cha kidole. "Umewafikishia watu barua za ndoa na za misiba. Haujapata kukosea."

"Mwalimu atakupa sifuri tena."

"Anipe."

"Utabaki hapa."

Mzee Muhuri akatia bahasha moja tunduni. Barua tatu zikaanguka kikapuni. "Nina miaka hamsini na minane, mama. Nikitolewa huko nje nitasimama wapi?"

Alhamisi saa kumi jioni wakaketi, yeye mlangoni, mzee dirishani. Maneno yalimjia Mama Matundu kutoka kwenye matundu yao, si yote. Swali la uhamaji lilimchelewesha, kwa kuwa kila alipoanza kuandika wanaosukumwa na wanaovutwa alimwona mama mkwe wake na sufuria zake. Aliandika jibu la kitabu. Mengine mawili aliyaruka, moja alilibahatisha. Ikabaki ramani: *Chora mji unaoishi. Onyesha sehemu kumi, kila moja mahali pake ukilinganisha na nyingine.* Nusu alama kwa kila sehemu.

Aliweka kalamu katikati ya karatasi, na mara ile mkono ukataka kuvuta mstari wa kulala, mrefu, wa safu ya juu. Akauinua. Akauweka tena, na tena mkono ukataka mstari ule ule. Mwalimu akatangaza dakika kumi.

Ndipo akaacha kufikiri mji, akafikiri miguu yake. Miguu ilitoka posta, ikaenda nyumbani. Akaweka posta, akauweka mtaa wake. Miguu ilikwenda sokoni, akaweka soko. Halafu ikavuka ile kona, ikakuta mafundi wa simu, ikateremka, ikavuka maji, ikafika ukutani. Wafinyanzi, Darajani, Kiwandani. Sita. Baada ya hapo palikuwa karatasi nyeupe, zaidi ya nusu nzima. Machinjioni alijua tu kwamba ni ng'ambo, lakini ng'ambo ipi? Alipobahatisha, akili ilimletea tundu la kumi na mbili. Hakuliandika. Kwenye ule weupe aliandika maneno mawili: *Huku sijafika.*

Mwalimu alisahihisha pale pale, mmoja mmoja mezani. Kwa Mama Matundu kalamu nyekundu ilishuka taratibu. Maneno: tisa. Akamwangalia. Tisa ilikuwa pungufu kuliko mara ya kwanza, na wote wawili walilijua hilo. Kisha akageuza karatasi.

"Umeacha nusu ya mji, mama."

"Ndiyo, mwalimu."

"Haya maneno hayana alama."

"Najua."

Akahesabu kwa ncha ya kalamu. Posta, sawa. Mtaa wa nyumbani, sawa. Soko, Wafinyanzi, Darajani. Kwa Kiwandani akasita kidogo, akapima kwa jicho umbali wake na daraja, akaweka alama. "Sita. Alama tatu. Tisa na tatu kumi na mbili." Akaandika, akapiga mstari chini. "Umefaulu, mama. Kwa unywele."

Akasimama kando, akampisha Mzee Muhuri aliyekuwa nyuma yake. Mwalimu akaipokea karatasi ya mzee. Maneno: kumi na moja. Hakuna mtu mwingine darasani aliyepata kumi na moja. Mwalimu mwenyewe alitabasamu, akageuza upande wa pili, na tabasamu likamtoka.

Kabati lilikuwa limechorwa kwa rula. Mistari imenyooka, majina arobaini na nane kwa mwandiko wa mtu wa zamani, na juu ya kila safu saa ya gari lake.

"Mzee," mwalimu akasema kwa sauti ya chini, "ungeweka posta na soko tu. Nusu na nusu. Unapita hapo kila siku."

"Napita nikiwahi mlango. Sikumbuki nimepatazama."

"Mwalimu," Mama Matundu akaingilia, "barua zako zinakufikia?"

"Zinafika."

"Zinafika kwa ramani hiyo."

"Najua, mama. Naamini sasa kwamba hamkunakili, na ile siku niliwakosea." Alimtazama mzee. "Lakini swali linauliza mji." Akaandika kumi na moja, akaishikilia karatasi muda mrefu kabla ya kuitoa.

Ijumaa saa kumi na mbili mlinzi aliwapapasa, akawaingiza, akageuza ufunguo. Habari ilikuwa imewatangulia: mkuu wa posta alikwisha kubandika tangazo kwamba Mama Matundu ataondoka mwisho wa mwezi, na mpaka apatikane mtu mwingine, kabati lote ni la Mzee Muhuri. Wakaanza kazi. Mama Matundu alikuwa na furaha yake, lakini hakujua aiweke wapi mule ndani, akawa anaizuia kama mtu anayezuia chafya msibani.

Barua ya Machinjioni ikamfikia mkononi, na mkono ukaitia kwenye tundu la kumi na mbili.

"Ukifika huko," mzee akasema, "utazame kama kweli kuna machinjio."

"Nitatazama, nikuambie."

"Utaniambia vipi? Mlango unafungwa."

"Nitakuandikia barua."

"Nitaipanga mwenyewe. Halafu nitaichelewesha, nikuoneshe kazi." Akacheka kidogo, na mwenzake akacheka. Kisha mkono wa mzee ukasimama hewani, na bahasha ndani yake. Akaanza kulitazama kabati kutoka safu ya juu, akashuka ya pili, ya tatu, mpaka ya mwisho.

"Hatuna tundu la chumba hiki," akasema.

Mama Matundu naye akatazama, ingawa alikwisha kujua. Juu yao barua mbili zikateremka kwenye bati, na mzee akainama kuziokota.